Fundi wa Vichanja Asiyegusa Misumari

Ukimkuta ameegemea fimbo yake anautazama mti, usimsalimie. Hataitikia, na ukirudia mara ya pili ataitikia kwa namna ambayo utajuta kufundishwa adabu. Mimi siku ya kwanza niliyotumwa kumwita nilisema shikamoo mara tatu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akanijibu bila kugeuka, "Marahaba zako zote tatu nitakupa nikimaliza. Sasa nyamaza, nautazama mti huu unavyochukua upepo." Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Alipomaliza, kweli alizitoa: marahaba, marahaba, marahaba, moja baada ya nyingine, akaanza kutembea.

Kijijini tulimwita Fundi, basi. Wako waliojenga nyumba na waliotengeneza baiskeli, lakini hao uliwataja kwa kazi zao. Ukisema Fundi bila kuongeza neno, ni yeye. Alijenga vichanja vya kuwindia. Sisemi kile cha kuanikia vyombo nyuma ya jiko. Nasema jukwaa la miti linalofungwa juu ya mti mkubwa, kimo cha watu watatu kutoka chini, ambapo mwindaji hukaa na gobori lake kumngoja pongo au nguruwe pori. Kijiji chetu kiko Muleba, kwenye mteremko. Juu ni rweya, ile mbuga ya nyasi isiyokubali jembe, katikati migomba na kahawa, na chini kabisa bonde lenye msitu. Wanyama walipanda kutoka bondeni. Nguruwe pori wanne tu walitosha kulimaliza shamba la mihogo la mjane kabla jua halijatoka, ndiyo maana kijiji kilipata kibali cha kuwapunguza.

Watu wa rika langu wakimkumbuka leo huanza na asubuhi Deusi alipoanguka. Wanasema Fundi alifunga vibaya, akamlemaza mtu, akakimbia. Mimi nitafika huko, lakini sitaanzia huko, kwa sababu ninajua jambo la asubuhi ile ambalo wao hawalijui, na nimekaa nalo muda mrefu kuliko inavyopasa.

Msumari alikuwa hataki hata kuuona. Alisema mti ni kitu kinachotembea palepale kiliposimama, na kichanja lazima kitembee nao. Kamba inakubali kuvutwa. Msumari unabishana, na mwisho wa ubishi wake ni kuchomoka. Kwa hiyo alifunga kila kitu kwa kamba za katani alizosokota mwenyewe, juu ya fito za mti wa mushambya alizozimenya maganda mpaka zikawa laini. Juu yake alitandika nyasi kavu za rweya, mguu usitoe sauti.

Tajiri mmoja alitoka Bukoba mjini na gari lake, akataka ajengewe kichanja chenye paa la bati na kiti. Alikuja na boksi la misumari kama zawadi. Fundi alimkaribisha, akampa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia, "Waitu, ndugu yetu, wewe unataka nyumba. Nyumba zinajengwa chini." Yule bwana aliondoka na boksi lake, na mke wa Fundi hakuongea na mumewe siku mbili.

Msione hapo mkadhani alikuwa jasiri wa kupanda popote. Mwaka mmoja kabla ya Krismasi katekista alimwomba afunge mapambo juu ya altare, kwani nani mwingine mwenye kuzoea kupanda? Ngazi ya kanisa ilikuwa ya mbao zilizopigiliwa misumari. Fundi alipanda vipandio vitatu, akaikumbatia ngazi kwa mikono miwili, akaanza kutetemeka mpaka mapambo yote yakamwagika juu ya kichwa cha katekista. Tulimcheka Krismasi nzima, naye aliitikia kicheko chetu kwa uso uleule anaokwenda nao komunyo. "Ngazi hiyo sijui aliyeifunga," alisema.

Na kuna hili la pongo, ambalo sijawahi kulielewa vizuri. Kwa ukoo wake pongo ni muziro, yaani mwiko: hawamli, hawamuui, hata ngozi yake hawaikalii. Sasa mtu huyo ndiye aliyejenga vichanja vya kumwindia. Nilimuuliza siku moja tukisokota kamba, nikidhani nimemkamata. Akasema, "Nimekatazwa kumla. Kupanda mti sikukatazwa." Jibu lilikuwa zuri na mimi nikalicheka. Lakini asubuhi moja gobori lililia upande wa bonde, watu wakapita wakishangilia pongo dume, nami nikapita kwake kuchukua panga. Nilimkuta amekaa mlangoni, sahani ya ndizi na maharage imepoa mbele yake. Hakuigusa mpaka jioni. Mkewe aliniambia ndivyo anavyofanya kila mara, na kwamba nisimuulize tena.

Ila desturi yake kubwa, ile ambayo hata wanaomsema vibaya wanaikumbuka, ilikuwa ya siku ya kumaliza kazi. Kichanja kikikamilika, hakuna aliyeruhusiwa kukikanyaga kabla yake. Alipanda na chakula chake kimefungwa kwenye jani la mgomba. Akala huko juu bila haraka, akatafuna kahawa, akajinyoosha akalala. Mwenye kichanja na jamaa zake wanangoja chini, shingo zinawauma. Mkewe alikuwa akisema kwamba huyu mwanamume nyumbani anakula kama mgeni, juu ya mti anakula kama mwenye nyumba. Akiamka alijipindua huku na huku, akarukaruka mara mbili, ndipo akashuka. "Kama ni kuanguka, nianguke mimi," alisema kila mara. "Nimefunga mimi."

Baada ya hapo kazi ilibaki kwetu sisi watunza kamba. Kamba ya katani ina tabia yake: ikilowa inakaza, ikikauka inalegea. Mvua ikinyesha juma zima halafu jua likawaka siku mbili, hapo ndipo pa hatari. Kwa hiyo kila kichanja kilikuwa na mtu wake, ambaye kila Jumamosi alipanda, akakaza kila fundo, kisha akafunga kwenye boriti ya mbele kipande kipya cha byai, lile ganda kavu la mgomba tunalofungia kila kitu huku kwetu, kuanzia kuni hadi pakiti za senene. Byai ya zamani alishuka nayo. Mwindaji akifika alfajiri hana haja ya kuuliza mtu. Anatazama juu. Akiona byai mpya, nyeupe-nyeupe, anapanda. Akiona iliyopauka na kuchakaa, anarudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kudanganya kwa byai. Hata walevi wetu, watu wa kudanganya kuhusu vitu vyote chini ya mbingu, hawakuwahi.

Mimi nilikuwa na vichanja vitatu. Kimojawapo kilikuwa cha Deusi, jirani yetu, mtu wa kahawa, mwepesi wa kupanda kama tumbili na mwenye mdomo usiolala.

Jumamosi ninayoisema nilikuwa na miaka ishirini na saba, kwa hiyo nisijifiche nyuma ya utoto. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na jua lilikuwa limewaka siku mbili. Siku hiyo wajomba zangu walikuwa wananipeleka Rubafu, kwa wazazi wa binti niliyetaka kumuoa. Gari la kuazima lilikuwa limeshawashwa. Nimevaa suruali ya suti, viatu nimevipiga rangi mara mbili. Vichanja viwili vya karibu nilivikaza asubuhi na mapema nikiwa bado na nguo za shamba. Cha Deusi kilikuwa mbali kidogo, nikakiahirisha, na nilipokikumbuka nilikuwa nimeshaoga. Nilikimbia nacho kipande cha byai mkononi. Chini ya ule mti nikatazama suruali yangu, nikatazama juu, nikasikia mama ananiita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hulitumia akikasirika tu.

Shambani kwa Deusi palikuwa na upondo mrefu wa kuchumia parachichi. Nikauchukua. Nikaitundika byai kwenye ncha yake na kuiinua mpaka kwenye boriti. Ilianguka mara mbili. Mara ya tatu ilinasa, nikaisokotea kwa ncha ya upondo mpaka ikakaa kama iliyofungwa kwa mkono, na ile kuukuu nikaivuta ikadondoka. Nilijiona mjanja. Nasema kweli, nilikwenda Rubafu nikitabasamu.

Jumatatu kulipopambazuka Deusi alikwenda kichanjani. Tulijua, maana nguruwe walikuwa wamefika mpaka kwenye mihogo ya mjane, na yeye alikuwa amewatangazia watu wote kwamba leo watakula nyama. Wanawake shambani walikuwa wamesimamisha majembe wakisubiri mlio. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napiga mswaki. Nikaukumbuka upondo. Nikajiambia siku mbili za jua si kitu. Nikajiambia Fundi hafungi fundo la kulegea. Niliacha mswaki mdomoni nikaanza kushuka kuelekea bondeni, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia, nikitega sikio nisikie gobori. Nilitamani mlio wa gobori kuliko kitu chochote nilichowahi kutamani.

Gobori halikulia. Nilisikia kishindo kizito kama mkungu wa ndizi unaotupwa chini, kimya kidogo, kisha sauti ya Deusi akimwita mama yake, ambaye alikuwa amekufa zamani.

Nyonga ilikuwa imevunjika na mguu wa kushoto umegeuka upande usio wake. Fundi alifika kabla ya wengi. Alimfunga Deusi mguu kwa fito mbili, akasuka machela, akabeba ncha ya mbele. Kwetu mgonjwa hubebwa kwa kupokezana, lakini kila aliyetaka kumpokea alimkataa kwa kichwa, mpaka barabarani palipokuwa na gari. Alirudi na mabega yanavuja damu, akaenda moja kwa moja chini ya mti. Nusu ya kijiji tulikuwa pale.

Kamba haikukatika. Ilikuwa imelegea, boriti ikateleza, kichanja kikainama upande mmoja. Kila mtu aliliona hilo. Na kila mtu aliiona byai, mpya, inapepea kwenye boriti.

"Nani alifunga byai?" Fundi aliuliza.

"Mimi," nikasema.

"Ulikaza?"

Kaka zake Deusi walikuwa wamesimama mkono wangu wa kulia, watatu, na mmoja ana panga. Sitasema kwamba ni panga lililonifanya nijibu nilivyojibu. Ni uoga, na ni suti, na ni Rubafu, ambako walikuwa wamenikubali juzi tu.

"Nilikaza."

Alinitazama. Hakunitilia shaka hata kidogo, na hilo ndilo limenila miaka yote. Akaitazama mikono yake, upande huu na upande ule.

"Basi ni mimi," akasema.

Siku mbili zilizofuata alizunguka na panga, akavikata vichanja vyake vyote, kimoja baada ya kingine, vile vizima na vilivyokuwa imara kuliko nyumba zetu. Mwenyekiti wa kijiji alimfuata kumsihi. Akamjibu, "Mikono imeniacha, Mwenyekiti. Sitangoja wa pili." Nguruwe walifurahi mwaka ule. Kabla ya mwezi kuisha yeye na mkewe walihamia Buhembe kwa binti yao, na kijiji kikamwita mkimbizi. Deusi alitoka hospitali na magongo mawili, ambayo anayo hadi leo. Kahawa yake inachumwa na wengine. Mdomo haujalala, lakini umekuwa mchungu, na akiwa na lubisi kidogo kichwani, ile pombe yetu ya ndizi, husema Fundi yule alimuua akamwacha anapumua. Nimeyasikia hayo nimekaa benchi moja naye. Nilimwongezea kinywaji.

Nilioa. Nilihamia Kashai, Bukoba mjini, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi. Ndiyo, nauza misumari. Mungu ana utani wake. Kila mwaka nilisema nitakwenda Buhembe, ambako si mbali hata kidogo, bodaboda hufika kabla hujamaliza stori. Mwanzoni nilingoja hasira za kaka zake Deusi zipoe. Zilipopoa nikaona watoto wangu bado wadogo. Kisha mke wa Fundi akafa, nikaenda msibani, nikakaa nyuma kabisa, nikaondoka bila kumpa mkono. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, lile "nilikaza", na sikuweza kulirudisha.

Mwaka jana, siku ya soko, duka limejaa, nilisikia fimbo inagonga sakafu. Niliinua kichwa. Alikuwa amepungua, koti linamning'inia, lakini macho ni yaleyale ya kutazama upepo.

"Waitu, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe ndiwe mwenye duka, kijana wangu." Alifurahi kuniona, furaha ya kweli. "Nipe misumari ya inchi tatu. Robo kilo itatosha."

Nilidhani anatania. Nikachota misumari, nikaiweka kwenye mizani.

"Fundi, wewe na misumari?"

"Banda la kuku. Kuku hawana neno."

"Si ungefunga kamba?"

Aliweka mikono yake juu ya kaunta, kama mtu anayeonyesha bidhaa mbovu aliyouziwa. "Nilifunga. Nikimaliza naona kama nimekosea, nafungua nitazame. Nafunga tena, nafungua tena. Banda la kuku, mwezi mzima. Binti yangu amechoka, ameniambia, baba, nunua misumari tupumzike. Tangu Deusi, fundo nikilifunga silijui kama ni langu."

Palikuwa na kijana wa bodaboda anangoja bolti, na mama mmoja anachagua kufuli. Nilitaka waondoke kwanza. Nikajua nikingoja waondoke nitangoja tena miaka kumi na miwili.

"Fundi," nikasema, "kichanja cha Deusi sikupanda. Byai niliitundika kwa upondo, nikiwa nimesimama chini. Sikukaza kitu."

Akaanza kuuliza, polepole, kifundi, kama mtu anayepapasa mti kutafuta ulipooza.

"Mvua ilinyesha juma zima."

"Ndiyo."

"Jua likawaka siku mbili."

"Ndiyo."

"Na hukupanda."

"Sikupanda."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nikasema nilikaza."

Mama wa kufuli aliacha kuchagua. Nilingoja fimbo. Ningeipokea kwa shukrani. Yeye alikuwa anaitazama mikono yake pale kaunta. "Mke wangu alikufa akinionea huruma," akasema.

Halafu akauliza, "Una katani?"

Nikamkatia urefu wa mtu mmoja na nusu. Aliipitisha juu ya boriti ya dari la duka langu. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka kamba ilipoanza kupindana, hapo ikatulia yenyewe, nami nikaliona lile fundo ambalo sijaliona tangu ujana wangu, likifungwa bila kutazamwa. Akashusha kitanzi cha kushikia. Nikasogea kando nimpishe, kwa sababu nilijua desturi yake. Hakusogea.

"Ning'inia."

"Mimi, Fundi?"

"Leo kama ni kuanguka, uanguke wewe."

Nilishika kwa mikono miwili nikainua miguu, mwanamume mzima mwenye kitambi, dukani kwangu, siku ya soko. Kijana wa bodaboda akauliza, "Mzee, huyu kaiba nini?" Mikono ilianza kuniwaka moto, jasho likaniingia machoni, nami sikuthubutu kushuka. Fundi hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama fundo. Boriti ililalamika, vumbi likadondoka. Fundo halikusogea hata unyuzi.

"Shuka."

Nikashuka. Akalishika lile fundo kwa vidole viwili, akalibonyeza, akalipapasa huku na huku kama mtu anayempapasa mtoto aliyerudi kutoka safari. Alikuwa analia, bila sauti, na hakujificha.

"Deusi anajua?" akauliza.

"Hapana."

"Bado anakaa palepale?"

"Palepale."

Alilifungua fundo, akaikunja kamba vizuri, akaitia kwapani. "Funga duka," akasema.

"Fundi, leo siku ya soko. Nitakwenda Jumapili, nakuapia."

"Funga."

Niliwaomba radhi wateja, nikafunga. Misumari yake ilibaki juu ya mizani. Tulitembea hadi stendi, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma nikiwaza magongo ya Deusi na maneno nitakayoanzia. Gari la Muleba lilikuwa linakaribia kujaa. Mlangoni alisimama kando, akanishika begani, akanisukuma nipande kwanza.